Kocha Amekosa Mazoezi

Jennifer Nangiro ni fundi cherehani wa mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, tena ni golikipa. Ukimwona mara ya kwanza hutashangaa kwamba anashona. Utashangaa kwamba akisimama golini bado kunabaki nafasi ya mpira kupita. Ana mwili uliojaa, sauti iliyojaa zaidi, na umri ambao majirani zake wengi wameshaacha kukimbia hata wakinyeshewa. Mchana anashona sare za shule. Jioni anafunga kibanda, anapanda boda hadi uwanja wa vumbi ulio upande wa Burat, anavaa glavu, na kuwatukana mabeki wake kwa upendo mpaka mpira usionekane tena.

Timu yake inaitwa Jiko Stars. Jina hilo walipewa na wapinzani kwa dharau, nao wakalipenda, na Jennifer mwenyewe akalitarizi kwenye jezi. Chanzo chake ni Kocha Etabo. Mzee huyo alikuwa mpishi jeshini mpaka alipostaafu, na mpira alijifunza kupitia dirisha la jikoni, akiwatazama wanajeshi wakicheza huku akisonga ugali wa kambi nzima. Kwa hiyo alifundisha kwa lugha aliyokuwa nayo. Pasi mbovu ilikuwa "haijaiva." Mabeki wakiacha nafasi alipiga kelele, "Funika sufuria!" Mshambuliaji akifika langoni akasitasita, mzee aliruka pembeni mwa uwanja, mwiko mkononi: "Pakua! Pakua, watu wana njaa!" Timu ngeni zilidhani hizo ni mbinu za siri. Pengine zilikuwa, maana walikuwa wakishinda.

Ila kabla ya mpira kuguswa kulikuwa na sheria moja, na hiyo haikuwa na mzaha. Wanawake wote walikaa chini kwenye duara, na Kocha aliuliza, "Nani hayupo?" Wakimtaja asiyekuwepo, aliuliza la pili: "Ako wapi?" Lazima mtu ajue. Si kukisia, kujua.

"Nadhani ako kwao, Kocha," Jennifer aliwahi kumjibu.

"Nadhani ni mtaa gani hapa Isiolo?" mzee akamuuliza. "Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi pitia hiyo Nadhani. Jeshini mtu akikosa kuja kula, hatufungi jiko mpaka tujue ako wapi. Inukeni tumtafute."

Na kweli waliinuka. Aliyekuwa amepotea siku hiyo ni Umulkheir, mshambuliaji wao, binti wa Kiborana mwenye mbio za swala na mdomo wenye mbio kuliko miguu. Timu nzima ilitembea hadi kwao Wabera, njumu zikigonga lami, watoto wakiwafuata kwa shangwe. Umulkheir alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, akiwakwepa mashangazi waliofika kutoka Rapsu na habari za mchumba mwenye shamba la vitunguu. Mashangazi walipochungulia langoni na kuona umati wa wanawake wenye jasho, na mbele yao mzee wa Kiturkana ameshika mwiko, walikunywa chai yao haraka na kukumbuka kwamba gari la kurudi lingewaacha. Umulkheir hajaolewa mpaka leo. Vitunguu ananunua sokoni kama watu wengine.

Basi huyo ndiye Kocha Etabo, na huyo ndiye aliyekufa.

Alikufa nyumbani kwake Burat, mchana, akimfukuza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye shamba la sukuma wiki. Mama Akuam, mkewe, anasema alitamka "Toka!" mara moja tu, kisha akakaa chini. Mbuzi alitoka. Mzee hakuinuka. Daktari alisema ni moyo, jambo lililowashangaza wachezaji, kwa sababu kiungo walichodhani kingechoka kwanza ni koo.

Jennifer aliposikia habari hiyo alikuwa akishona kola. Akamaliza kola, akashona na mkono wa shati, akaenda akaushona mkono huo huo kwenye kola, na hakugundua mpaka mwenye nguo alipokuja kujaribu. Hakulia. Alingoja kilio kije kama mtu anayengoja maji ya mfereji, akifungua, akifunga, hakuna kitu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi, na mazishi yalikuwa yamepangwa Jumamosi. Hakuna aliyewaita, lakini wote walifika uwanjani, wakakaa kwenye duara, kila mmoja akitazama viatu vyake. Mpira ulikuwa ndani ya wavu wake. Mwishowe Umulkheir, ambaye kimya humwasha kama upupu, akasema, "Haya, nani hayupo?"

Mtu akajibu kwa sauti ndogo, "Kocha hayupo."

"Ako wapi?"

Macho yote yakamgeukia Jennifer. Yeye ndiye mkubwa wao kwa umri, na yeye ndiye aliyesali kanisa moja na Kocha, tena mwanakwaya, sauti ya pili.

"Ako mochari," Jennifer akasema.

"Hapo ni mwili uko, Dada Jeni. Sisi tunauliza Kocha."

"Ako mbinguni, basi. Nadhani." Neno lilimponyoka kabla hajalikamata.

Hakuna aliyecheka. Umulkheir alimtazama kwa huruma, na huruma ya Umulkheir ilimuuma Jennifer kuliko mzaha wake. "Mimi najua yale tulifunzwa madrasa," akasema polepole. "Lakini huyu mzee alikuwa wa kanisa yenu. Wewe ndio utatujibu, Dada. Na sheria ni sheria." Wakaondoka bila kuugusa mpira.

Hapo ndipo Jennifer aliposhikwa na hofu halisi. Amewaimbia marehemu wa Burat kwa miaka mingi. Ameimba habari za mbinguni na mji wenye raha huku akiwaza zipu ya sketi ya mtu, na sauti ikatoka safi, na waliofiwa wakamshukuru. Ungemuuliza wakati huo kama anaamini angekukasirikia. Sasa amefiwa yeye, na yale maneno aliyokuwa akiwagawia wenzake kwa ukarimu yalikuwa hayamshuki kooni. Kama Kocha hakuwa mahali popote, basi yeye Jennifer alikuwa amewadanganya watu wote hao, tena kwa nyimbo. Na kama yuko mahali, mbona hawezi kusema ni wapi bila ile Nadhani kumtangulia?

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mchungaji Marete. Alimkuta juu ya ngazi ukutani mwa kanisa, akitengua spika ili ipelekwe mazishini, nyaya zimemzunguka shingoni.

"Pasta, Kocha ako wapi?"

Mchungaji akaivaa sauti yake ya matanga, ile nzito inayotoka tumboni. "Mpendwa dada, ndugu yetu amepumzika mahali pema..."

"Pema ni mtaa gani?"

Kisha ngazi ikaanza kutikisika, na Jennifer akaikimbilia akidhani mtu wa Mungu anaanguka, kumbe anacheka. Alishuka akijipangusa macho. "Hayo ni maneno yake kabisa! Kila Jumapili baada ya ibada alinishika mkono. 'Pasta, yule mama wa kiti ya nyuma ako wapi?' Nikisema nadhani amesafiri, ananiuliza Nadhani ni wapi. Mimi ni Mmeru, Jennifer. Burat nilikuwa sijui. Kila njia ya ng'ombe ninayoijua hapa nimeijua kwa sababu ya huyo mzee."

"Kwa hivyo utanijibu?"

Mchungaji akaketi kwenye ngazi ya chini na kuiacha ile sauti ya matanga. "Ramani sina," akasema. "Hata mamangu alipokufa niliitafuta hiyo ramani nikaikosa, na nilikuwa nimemaliza chuo cha Biblia. Kile niko nacho ni ahadi tu."

Jennifer akashusha pumzi. Ahadi! Hakuna binadamu anayejua ahadi kuliko fundi wa nguo. Ameahidi watu magauni ya harusi ya Ijumaa, na watu wakaolewa kwa nguo za kuazima. "Pasta, hata mimi hutoa ahadi."

"Najua," akasema Mchungaji, ambaye suruali yake ilikuwa kwa Jennifer tangu Pasaka. "Ndiyo maana nauliza kwanza ni nani ameahidi."

Jennifer alirudi kibandani amekasirika. Alikuwa amekwenda kutafuta jibu akapewa swali jingine, tena na mtu mwenye haki ya kumdai suruali.

Jumamosi watu walijaa boma la Kocha kuliko walivyowahi kujaa uwanja wake. Walikuwepo wapishi wenzake wa zamani, waliokuwa wakionja chakula cha matanga na kutikisa vichwa. Zilikuwepo timu alizozifunga, zimekuja kuhakikisha, kama alivyosema Umulkheir. Hata mbuzi wa jirani alikuwepo, na safari hii hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Wazee wa ukoo walikuwa wamechagua vijana wa kiume wa kubeba jeneza. Mama Akuam alikataa. Ni mwanamke mwembamba anayesema kidogo, na ndoa yake ilimpa mazoezi ya kutosha ya kusubiri mtu amalize kelele. "Hawa ndio aliwapigia kelele kila siku," akasema, akiwanyoshea kidole Jiko Stars. "Wambebe." Mzee mmoja akauliza kwa upole kama mabinti wa Kiislamu wataruhusiwa na kwao. Umulkheir akamjibu kwamba ameshamuuliza mamake, na mamake amesema mtu aliyekulisha huwezi kumnyima mabega. Yakaisha.

Wakamwinua. Jennifer alikuwa mbele kulia, na Umulkheir mbele kushoto. Kwa kuwa Jennifer ni mrefu na Umulkheir ni mfupi, Kocha akawa anaelekea kaburini ameinama upande mmoja, huku watu wakimshauri Umulkheir atembee kwa vidole. Mchungaji Marete alitangulia akiimba. Watu wakasongamana nyuma, wengine wakakanyaga sukuma, wengine wakataka kupita mbele wapate picha.

Mfawidhi wa shughuli siku hiyo alikuwa Jasper, kijana mwenye suti ya kung'aa ambaye huongoza harusi, na mazishi akikosa harusi. Spika ilikuwa imezimika, watu hawamsikii. Akaangaza macho, akaona filimbi ya Kocha imetundikwa kwenye picha ya marehemu. Akaichukua na kupuliza mara mbili kwa nguvu zake zote, ili umati upange foleni.

Jasper hakujua jambo ambalo kila mchezaji wa Jiko Stars alilijua kwenye mifupa. Kwa Kocha, filimbi mara mbili ilikuwa na maana moja tu: weka chini ulichoshika, kaa kwenye duara, funga mdomo.

Wakaweka chini walichoshika. Waliweka vizuri, kwa adabu, katikati ya njia. Kisha wote wakaketi vumbini kulizunguka jeneza, miguu imekunjwa, midomo imefungwa, na ndipo walipotazamana na kugundua wamefanya nini.

Shangazi mmoja alianza kupiga nduru akaikatiza katikati, hajui kama ni mahali pake. Jasper alibaki na filimbi mdomoni, amegeuka rangi ya majivu, akidhani amevunja mwiko wa Waturkana. Mchungaji Marete peke yake hakusikia kitu. Aliendelea mbele kwenye kona, amefumba macho, akiimba ubeti wa tatu.

Jennifer alitaka kuinuka. Miaka yote, baada ya filimbi hiyo, kuna sauti iliyofuata, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusimama kabla ya kuisikia.

Mama Akuam aliyekuwa nyuma ya jeneza akasogea mbele. Aliwatazama, mmoja mmoja. Alikuwa amekula meza moja na sheria hiyo muda mrefu kuliko wao wote.

"Haya," akasema. "Nani hayupo?"

Umulkheir akajibu, "Kocha hayupo, Mama."

"Ako wapi?"

Wote wakamtazama Jennifer. Jennifer akalitazama jeneza. Mbele ya ukoo, mbele ya kanisa, mbele ya timu zote alizowahi kuzitukana, akasema ukweli. "Mahali sijui, Mama. Nimetafuta. Sitaki kukudanganya."

Manung'uniko yakapita katika umati. Mwanakwaya mzima! Umulkheir ndiye aliyeinua mkono, kama darasani.

"Kuna ile siku Lul wetu alikosa mazoezi," akasema. "Dada Jeni, wewe hukuwepo, ulikuwa umeenda Meru kununua kitambaa. Kiangazi kilikuwa kibaya, Lul akaondoka na ngamia za kwao, wakaenda huko juu. Simu haishiki. Kocha akauliza ako wapi, na hakuna mtu anajua. Hata mamake hajui, ngamia zinafuata mvua. Tukasema leo hakuna mpira. Sasa Kocha akauliza, basi ako na nani? Tukamwambia ako na mjomba yake, Yattani. Akauliza, huyo Yattani mnamjua? Tukasema tunamjua. Anajua njia? Anajua. Atamwacha mtoto nyuma? Hawezi. Kocha akasema, basi inatosha. Mpira."

Jennifer alihisi kitu ndani yake kikisogea, kama cherehani iliyokwama inapokubali uzi.

"Ako na Yesu," akasema.

"Unamjua?" Mama Akuam akauliza.

Kwingine kokote lingekuwa swali la kijinga kumuuliza mwanakwaya. Jennifer alilichukua kama lilivyoulizwa, akaona kwamba jibu analo. Halikuwa kwenye nyimbo hata kidogo.

"Namjua," akasema. "Mnakumbuka mume wangu aliponiacha akaenda na kitanda." Waliokuwa hawajui wakageuziana vichwa, kwa maana habari ya mke kuachwa ni ya kawaida lakini kitanda kilikuwa kipya. "Nililala chini nikajifungia. Sikutaka mtu, sikutaka Mungu, nilitaka tu kufa polepole bila kelele. Kocha akaleta timu yote. Hakunipa pole. Aliwasha jiko yangu, akaniuliza chumvi iko wapi, akapika maharagwe. Halafu akasema, 'Bwana Yesu, huyu hajiwezi leo, kaa na yeye. Amina, kuleni.' Mkala, mkaenda." Alitafuta neno la kweli, kwa sababu sasa hakutaka hata moja la uongo. "Mlipoenda, Yesu hakuenda. Sikumwona. Lakini usiku huo sikuwa peke yangu pale chini, Mama, na nilijua siko peke yangu. Huyo ndiye namjua. Hajawahi kuniacha nyuma, na mimi ni mzito kubeba. Kocha ako na yeye. Njia anaijua, kaburini alishaingia akatoka. Sina nadhani hapo."

Mama Akuam akatikisa kichwa polepole kukubali. Kidevu kilimtetemeka, akakishika kwa mkono mpaka kikatulia. "Basi inatosha," akasema. "Mwinueni. Hakuwahi kupenda kitu kipoe."

Na hapo ndipo mfereji wa Jennifer ulipofunguka. Alilia kwa sauti ileile anayopangia mabeki, iliyosikika, wanasema, hadi getini mwa kambi. Alilia akiinama, akalia akiinua, akalia akitembea, huku jeneza likipanda na kushuka kwa kwikwi zake na Umulkheir akining'inia upande wa pili, naye analia, akimwomba Dada Jeni alie kwa utaratibu wasije wakammwaga mzee. Wapishi wa jeshi waliingia wakasaidia kushikilia. Jasper alirudisha filimbi kwenye picha na kuifunga mafundo mawili.

Pale kwenye kona walikutana na Mchungaji Marete akirudi mbio, Biblia kwapani, jasho likimtiririka. Alikuwa ameimba mpaka kaburini, akafumbua macho kuanza ibada, akakuta amesimama na wachimba kaburi peke yao.

"Mlikuwa wapi?" akauliza akihema. "Nimengoja! Mlikuwa wapi nyote?"

Jennifer alijifuta pua kwa bega ambalo halikuwa na jeneza.

"Tulikuwa tunamtafuta Kocha, Pasta," akasema. "Tumempata."